Nimekupa, Shemeji

Benchi lenyewe halikuwa benchi. Lilikuwa ubao wa nyuma wa lori, ule unaofunguliwa mizigo ikishushwa, na bado lilikuwa na bawaba zake zilizoshika kutu. Breki alilileta siku aliyostaafu udereva, akalilaza juu ya matofali kati ya mlango wa Kinyozi na jiko la kahawa la Mzee Birika, akasema lori limekufa lakini yeye bado anahitaji pa kukaa. Nyuma ya benchi kuna uzio wa waya, na nyuma ya uzio kuna shimo la mwisho la uwanja wa gofu, lile ambalo wazee wa Chama cha Wastaafu hulifikia wakiwa wamechoka, wamenuna na wana kiu. Uzio una kigeti, na kigeti hakifungwi, maana komeo lake liliazimwa na mtu ambaye hadi leo hajulikani. Basi kila mashindano yakiisha, wapenda hotuba hubaki barazani kwa Kapteni wa chama, na wapenda maneno hupita kigetini wakaja kijiweni.

Alasiri ile Bi Mizani alipita kigetini amelipakata kombe kiunoni kama mjukuu.

Alikuwa mwenye duka, duka lililotazamana na uwanja, na jina la Mizani alipewa na wateja. Aliwahi kumkimbiza mtu mpaka kituo cha basi, watu wakidhani anamkimbiza mwizi, kumbe amegundua sukari aliyompimia imepungua na anamfuata na konzi ya kuongeza. Ukimpunja hakusalimii tena. Ukimwambia amekupunja, afadhali uwe na mbio. Gofu hakufundishwa na mtu. Miaka yote mumewe akicheza yeye alikokota mkoba wa fimbo, akatazama, akanyamaza, kisha jioni nyuma ya duka akapiga mandimu kwa mpini wa mwavuli mpaka mwavuli ukavunjika. Alipoomba kadi ya uanachama, mumewe alicheka. Aliacha kucheka siku mkewe alipomtangulia kutumbukiza mpira.

Msimu huu ulimtesa. Kombe la Kufungulia mpira wake uliingia mtaroni, akaingia na yeye. Ngao ya Magoti, ile ya waliokatazwa na daktari kucheza, aliikosa kwa mpira wa karibu ambao hapendi kukumbushwa. Kombe la Wawili alicheza na shemeji yake Breki, mdogo wa marehemu mumewe, wakagombana njia nzima mpaka wakasahau kuhesabu mapigo. Lililobaki lilikuwa Kombe la Kufungia, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Msimu uliopita lilichukuliwa na mumewe. Jina lake limechongwa ubavuni mwa kombe, la mwisho katika orodha, na yeye mwenyewe hakufika msimu huu. Kesho asubuhi fundi wa kuchonga anakuja. Chini ya jina la mume litakaa la mke. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na sasa alikuwa amelipakata.

– Pisheni, pisheni! Breki alikuwa akimtangulia huku akipunga mikono, ingawa njiani hapakuwa na mtu wa kupisha. – Bingwa anapita! Mwalimu, sogeza hilo goti lako!

Mwalimu alisogeza. Aliwahi kufundisha hesabu nusu ya mji huu, na goti lake la kulia lilikuwa halikunji. Yeye ndiye aliyeshika nafasi ya pili, kwa pigo moja tu, na alikuwa anakunywa kahawa yake polepole kama dawa.

– Hongera, Bi Mizani.

– Asante, Mwalimu. Umenitoa jasho.

– Nimekutoa jasho, umenitoa machozi.

Mzee Birika aliliangalia kombe, akaiangalia birika yake.

– Hilo limeoshwa?

– Kapteni kalisugua mwenyewe, Bi Mizani akasema.

– Basi lete nilijaze. Kahawa yangu haijawahi kunywewa kwenye fedha.

– Si fedha, Mwalimu akasema. – Ni bati lililopakwa.

– Maneno ya wa pili hayo! Breki akapiga kofi ubao wa benchi. – Msikieni! Jana lilikuwa fedha, leo limekuwa bati!

Kahawa ikamiminwa kombeni. Bi Mizani akalishika kwa masikio yake mawili, akapuliza. Mlangoni kwake Kinyozi alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti na povu shavu moja, akatoka na wembe mkononi. Kinyozi ameishi kando ya uwanja ule tangu alipofungua kibanda, na hadi leo mchezo haujamwingia akilini.

– Mimi bado sijaelewa, alisema. – Mtu mzima anapiga kitu kwa nguvu zake zote kiende mbali, halafu anakifuata mwenyewe kwa miguu. Kwa nini asikiache pale pale?

– Ndiyo maana unanyoa watu, Breki akamwambia. – Njoo nikuoneshe. Mwalimu, niazime kofia.

– Ya nini?

– Iwe shimo.

Kabla Mwalimu hajakubali, kofia ilikuwa chini, imefunuliwa mdomo juu. Breki akachukua kijiko cha Birika kiwe fimbo, na kifundo cha tangawizi kiwe mpira.

– Haya. Hapa shimo. Hapa mpira wa shemeji, umekaa kama mwiko mmoja tu kutoka shimoni. Mwalimu ameshamaliza zamani, yuko barazani, goti juu ya kiti, anajichagulia kabati la kuwekea kombe. Wa tatu wetu amekimbilia chooni. Tumebaki wawili. Shemeji akitumbukiza, amempita Mwalimu kwa pigo moja. Akikosa, wamefungana. Uwanja kimya! Natazama mpira, namtazama shemeji, mgongo umempinda, jasho linamtoka puani. Nikamwambia: Nimekupa, shemeji, beba! Akabeba! Tukarukaruka kama...

Hakumaliza. Bi Mizani alikuwa amelifikisha kombe mdomoni, na pale pale mdomoni likasimama.

Sasa, hapo lazima mtu aelewe desturi ya wazee hawa. Siku za kawaida, mpira ukikaribia shimo, mwenzako hukuambia nimekupa, nawe unauokota bila kuupiga, unahesabiwa umeingia. Hawafanyi hivyo kwa uvivu. Kuinama shimoni kutoa mpira katika umri ule ni kazi, na kuinuka ni kazi kubwa zaidi. Wengine wamebandika kikombe cha raba laini kwenye mkia wa fimbo, wanakididimiza juu ya mpira, unanata, unapanda wenyewe. Wamepeana hivyo mwaka nenda mwaka rudi, hata ulimi umezoea, hata mkono umezoea. Lakini siku ya kombe hakuna kupeana. Siku ya kombe kila mtu anapiga mpaka mpira uanguke shimoni, na usipoanguka hujamaliza, na usipomaliza ni kama hukucheza.

Bi Mizani akashusha kombe.

– Ulisema nini?

– Nimesema tukarukaruka.

– Kabla ya hapo.

– Jasho puani? Shemeji, ni namna ya kusimulia tu.

– Breki!

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu siku ya mazishi. Breki akakitua kijiko.

– Nimekupa, alisema kwa sauti ya chini. – Nilisema nimekupa.

Na sasa Bi Mizani akakumbuka. Alikumbuka mkono wake ukigeuza fimbo, mkia chini, kile kikombe cha raba kikinata pwa! Mkono ulifanya wenyewe, kama ulivyokuwa ukifunga vifurushi vya chumvi dukani huku mwenyewe akizungumza na mteja mwingine. Alikumbuka kelele, alikumbuka kukumbatiwa. Mlio wa mpira ukianguka shimoni hakuukumbuka, kwa kuwa haukuwapo.

– Haukuingia, alisema.

Mwalimu alikuwa ameacha kunywa.

– Haukuingia siku ya kombe? aliuliza.

– Haukuingia siku ya kombe, leo hii, mchana kweupe.

– Kwani kuna nini? Kinyozi akauliza. – Mbona mmebadilika sura kama mmeona bili?

Mwalimu akamweleza kwa ufupi. Kinyozi akasikiliza, akakuna kidevu kwa mgongo wa wembe.

– Kanuni za nani hizo?

– Zetu, Mwalimu akasema. – Breki mwenyewe alinyoosha mkono zilipopitishwa.

– Nilinyoosha mkono nikiomba chai! Breki akaruka. – Halafu tusikilizane. Zawadi ni zawadi. Mimi nimempa kwa moyo mweupe. Nani amewahi kurudisha blanketi la harusi?

– Mimi, Bi Mizani akasema. – Lilikuwa na tundu.

– Upepo, Birika akasema.

Wote wakamgeukia. Birika husema neno moja kwanza, halafu hungoja aombwe mengine.

– Upepo umefanya nini?

– Leo asubuhi moshi wa jiko langu ulikuwa unaelekea kwenye uzio. Sasa ule mpira, kama mngeuacha tu pale, upepo ungeusukuma wenyewe.

– Mpaka lini? Mwalimu akauliza.

– Mpaka ungeingia. Mpira hauna haraka. Wenye haraka ni nyinyi.

– Kuna jambo nyinyi hamlijui, Breki akasema, na macho yake yakaanza kung'aa, dalili mbaya. – Lile shimo wamelihamisha. Leo asubuhi mtunza majani kalifukia la jana, akachimba jingine pembeni. Mimi nimeona kiraka. Na mpira wa shemeji ulisimama wapi? Juu ya kiraka!

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo shimo lingekaa pale lilipokuwa jana, mpira ungekuwa ndani.

– Basi uliingia! Kinyozi akapiga kelele. – Uliingia kwenye shimo la jana!

– Kinyozi, rudi kwa mteja wako, Mwalimu akamwambia.

– Niache kwanza! Wewe mwenyewe, Mwalimu, ulinifundisha darasani kwamba dunia inazunguka. Sasa niambie, ule mpira ulikuwa umesimama au ulikuwa unakwenda na dunia?

– Na shimo nalo lilikuwa linakwenda na dunia.

– Ahaa! Basi vyote viwili vilikuwa safarini. Nani anajua vilikutana wapi?

Mteja wa povu alikuwa amefika mlangoni, taulo shingoni, akitikisa kichwa kukubali.

– Mimi nasema hivi, Birika akarudi. – Shimo ni nini? Ni mahali pasipo na udongo. Mpira ulikwenda wapi? Mfukoni mwa Bi Mizani. Na mfuko ni nini?

Akangoja aombwe, kama kawaida yake.

– Mfuko ni shimo lililoshonwa, Birika akasema, akaketi.

Breki alimkumbatia. Kwa muda kidogo ilionekana kesi imekwisha. Bi Mizani aliwatazama mmoja mmoja, na waliomfahamu wangeona mshipa wa shingo umeanza kusimama.

– Mmemaliza?

– Kuna njia rahisi zaidi, Kinyozi akasema, maskini, hakuuona mshipa. – Jina la marehemu si lipo pale pale? Mwambieni fundi asichonge jipya. Aongeze tu: na mkewe.

Kombe lilitua juu ya benchi kwa kishindo, kahawa ikaruka.

– Niongezwe? Niongezwe kama chumvi? Sikiliza wewe! Yule mwanamume alikuwa mbishi, alikoroma, alinificha ugonjwa wake mpaka ukamlaza. Lakini mpira wake uliingia! Niliuona kwa macho yangu, nilikuwa nimeshika mkoba wake. Aliinama mwenyewe akautoa, mgongo ukamkatalia kuinuka, nikamvuta kwa mkanda wa suruali. Ndiyo jina hilo hapo! Sasa mimi nije nikae chini yake na mpira ulioingia mfukoni?

Kinyozi alirudi hatua moja. Mteja wake alirudi mbili.

Breki akasogea karibu, sauti akaiteremsha. Ilikuwa sauti yake nyingine, ile aliyokuwa nayo siku za hospitali.

– Shemeji. Kaka yangu angefurahi kuliona jina lako pale. Wewe unajua, mimi najua. Na walioona ni wawili tu, mimi na wewe. Na mimi sijaona kitu.

– Umekisimulia kwa kofia na tangawizi!

– Nilikuwa natania. Kinyozi hajui gofu. Birika macho yake hayafiki uzioni. Na Mwalimu...

Wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu aliinama akaokota kofia yake, akaikung'uta, akaitoa tangawizi.

– Mimi silitaki, alisema.

– Hulitaki nini?

– Kombe la kuokota. Nikifika nalo nyumbani mke wangu ataniuliza nimelishindaje. Nitajibu nini? Kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti? Yule mwanamke ananijua hata kwa kikohozi.

– Basi! Breki akasimama. – Mwenye haki ya kulalamika halalamiki! Kesi imefungwa! Birika, mimina!

– Hulalamiki, Mwalimu? Bi Mizani akauliza.

– Silalamiki.

– Lakini unajua.

Mwalimu akaivaa kofia yake.

– Najua.

– Basi msimu mzima ujao utakuwa unanitazama kama mteja aliyepunjwa akanyamaza. Nimewaona wateja wa namna hiyo. Afadhali anayepiga kelele. Anayenyamaza hununua kwako siku hiyo tu, kesho unamwona anapita upande wa pili wa barabara.

– Ah, hapana, Bi Mizani, mimi...

– Utapita upande wa pili, Mwalimu. Pamoja na goti lako.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke mmoja. Alikuwa mpita njia, trei ya mayai mikononi, amesimama kwa Birika akingoja kikombe chake tangu shimo lilipokuwa kofia. Hakuna aliyemfahamu. Kahawa ilishapoa mkononi mwa Birika na mgeni hakuwa ameidai, maana mazungumzo yalikuwa yamenoga.

– Samahanini, wazee wangu, alisema. – Mimi huo mchezo siujui, msinicheke. Nilitaka kuuliza tu. Huyu mama, kama angeupiga huo mpira, ungeingia?

Breki akafungua mdomo kwa kishindo cha mtu mwenye jibu.

– Mama yangu, mpira wa karibu vile! Mwiko mmoja! Hata...

– Ndiyo, najua ni karibu, mwanamke akasema. – Ungeingia?

Breki akaufunga mdomo. Kinyozi akatazama wembe wake. Birika, ambaye alikuwa na jibu la upepo, la shimo na la mfuko, akageukia makaa. Mwalimu, mtu wa hesabu, aliinua kidole, akakiangalia kile kidole, akakiteremsha.

Wakamtazama Bi Mizani.

Naye alikuwa amefumba macho. Aliuona ule mpira. Aliona majani yalivyolalia upande wa uzio, na kiraka kilivyobenuka kidogo, kiasi ambacho mguu unakisikia kabla ya jicho. Aliona mikono yake ilivyokuwa imeikaba fimbo kwa kutaka. Akakumbuka na ule mpira wa Ngao ya Magoti, uliokuwa karibu kuliko huu.

– Sijui, alisema.

Neno hilo dukani kwake halikuwapo. Mtu akiuliza hii ni kilo, jibu lilikuwa ndiyo, au lilikuwa ngoja nipime. Alifumbua macho.

– Sijui, alirudia, safari hii kwa hasira. – Na kesho nichonge kwenye chuma kitu nisichokijua?

Birika akainua birika ili angalau amwongezee mgeni kahawa ya moto. Likatoka tone, kisha machicha.

– Imekwisha, alisema, na haikujulikana anazungumzia nini.

Bi Mizani alisimama. Akachukua kombe kwa sikio moja, fimbo yake kwa mkono mwingine.

– Unakwenda wapi, shemeji?

– Kwa Kapteni.

– Haya, sikiliza basi, japo moja. Twende kwanza shimoni. Upige. Ukiingia, jibu tumelipata, umeshinda halali, hakuna haja ya kumsumbua Kapteni na presha yake.

– Ndiyo maana naanza kwa Kapteni. Ukiingia mtaniambia ninyamaze. Na mimi najijua, leo nitawasikiliza. Na ukikataa kuingia nitajiambia upepo wa asubuhi ulikuwa mwingine. Kwanza Kapteni. Halafu shimo.

Akapita kigetini. Wengine walibaki wakitazamana, kisha ubao wa lori ukapanda juu kidogo kwa kupungukiwa uzito, wote wakamfuata: Breki, Mwalimu na goti, Birika, Kinyozi, mteja na povu lake lililoanza kukauka, na yule mwanamke na mayai, ambaye alisema anapitia njia hiyo hiyo, ingawa pale hapakuwa na njia.

Kapteni alikuwa barazani akikunja viti. Aliisikiliza habari yote akiwa amekumbatia kiti kimoja kifuani.

– Umefikiria vizuri, Bi Mizani? Fundi anakuja asubuhi.

– Nimefikiria njia nzima.

– Njia nzima ni kutoka kigetini mpaka hapa.

– Imetosha.

Kapteni alitazama kombe, akamtazama Breki, ambaye alikuwa akichunguza dari ya baraza kana kwamba ndiyo kwanza aione. Akashusha pumzi.

– Basi ni la Mwalimu.

– Mimi nimesema silitaki, Mwalimu akaanza.

– Wewe mpira wako uliingia? Bi Mizani akamkata.

– Uliingia.

– Uliutoa kwa mkono?

– Kwa mkono. Goti likalia kama bawaba.

– Basi mwambie hivyo mkeo, usikohoe. Shika. Taratibu, lina machicha.

Mwalimu akalipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa wengine. Bi Mizani hakungoja ashukuriwe. Mikono ilipobaki mitupu aliisikia nyepesi kupita kiasi, kwa hiyo akaikamatisha fimbo, yote miwili, akashuka kuelekea shimoni.

Breki alikuwa ametangulia kuweka mpira.

– Ulikuwa hapa.

– Rudisha nyuma.

– Shemeji, ulikuwa hapa hapa, naapa!

– Ulisema mwiko. Huo ni kijiko.

Breki akaurudisha. Bi Mizani akapapasa majani kwa unyayo, akatafuta kiraka, akausogeza tena kidogo mwenyewe, mbali zaidi. Mwanamke wa mayai akaitua trei nyasini. Kinyozi akanong'ona kumuuliza mteja wake kwa nini fimbo nyingine ni fupi, mteja akamwambia nyamaza. Bi Mizani akainama juu ya mpira. Mgongo ukapinda, jasho likaanza puani, kweli kabisa, kama lilivyosimuliwa. Barazani Kapteni aliacha kukunja viti.

– Nimeku... ulimi wa Breki ukaanza wenyewe.

– Shemeji!

– Nimekunyamazia! Nilikuwa nasema nimekunyamazia.

Akapiga.

Mpira ulikwenda mzuri. Ulikwenda kama unaitwa. Ukafika kwenye mdomo wa shimo, ukachungulia, ukazunguka ukingo wote kama mtu anayetafuta mlango, ukatoka upande wa uzio, ukakaa.

Breki aligeuka akautazama uzio, mabega yameshuka.

– Haya, mama, Bi Mizani akamwambia mwanamke wa mayai. – Umepata jibu lako?

Mwanamke alifikiri.

– La sasa hivi nimepata, alisema. – La asubuhi bado.

– Hilo hatutalipata.

– Pole, mama.

– Usinipe pole. Hakuna mwingine aliyeuliza.

Mwalimu alisogea, kombe kifuani.

– Tungefungana, alisema polepole. – Tungerudia, mimi na wewe.

– Tungerudia.

– Na ningekupiga.

– Kwa goti lipi?

Mwalimu akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Bi Mizani akausogelea mpira, akaugusa kidogo kwa fimbo, ukaanguka shimoni. Mlio wake ulikuwa mdogo, tok, lakini wote waliusikia. Breki akakimbilia kumtolea.

– Acha.

Hakugeuza fimbo. Aliinama mwenyewe, polepole, mkono mmoja juu ya paja, akaingiza mwingine shimoni mpaka kwenye kifundo, akautoa. Kuinuka kulimchukua muda. Breki alinyoosha mkono kuelekea kwenye mkanda wake, akakumbuka, akaurudisha mfukoni. Alipokuwa wima tena, Bi Mizani aliufuta mpira kwa kanga yake.

– Huu sikupewa na mtu, alisema.

– Bi Mizani, Mwalimu akamwita. – Nimefikiria jambo. Kesho nitamwambia fundi aache nafasi. Chini ya marehemu aruke kidogo, halafu ndiyo aandike langu. Ili siku ukishinda...

– Asiruke! Umeshinda, ukae mahali pako. Kwani ile ni foleni ya kushikiana nafasi?

Akaweka fimbo begani, akashika njia ya kigetini, Birika akikimbia mbele kukoka jiko. Kwenye kigeti akasimama, akageuka, akalitazama kombe mikononi mwa Mwalimu, hasa ubavuni, pale chini ya jina la mwisho, ambapo bati lilikuwa bado tupu.

– Lakini mwambie aandike herufi ndogo, Mwalimu, alisema. – Hapo chini pamebaki padogo, na mwakani napahitaji.